Kiumbe Asiyesikika wa Kwemkole

Nchi hiyo ipo kweli. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa kuwa ramani za nchi hiyo huchapishwa na serikali yake yenyewe, na faili la uchapaji limekaa juu ya meza fulani likisubiri sahihi ya mtu aliyeko safarini. Lakini watu wake wapo. Wanakula, wanaoa, wanapanga foleni. Na katika nchi hiyo upo msitu mnene wa mvua, na katikati ya msitu kipo kijiji kiitwacho Kwemkole, chenye nyumba ishirini na mbili, mashine moja ya kusaga na iliki nyingi. Katika nyumba ya mwisho, ile ya karibu na kijito, alikaa Mboni, msichana mwenye aibu kuliko watu wote wa nchi hiyo, ingawa jambo hilo halikuwahi kutangazwa, maana hakuna aliyewahi kumsikia.

Aibu yake haikuwa ya mchezo. Alisoma mpaka darasa la tano. Kila asubuhi mwalimu aliita majina, na kila asubuhi Mboni, aliyeketi dawati la mbele kabisa, alifungua mdomo na sauti ikagoma kutoka. Mwalimu alikuwa mtu wa kufuata taratibu, kwa hiyo aliandika kwamba hayupo. Siku zilipotimia tisini Mboni alifukuzwa kwa utoro, na barua ya kumfukuza alikabidhiwa mkononi, pale pale kwenye dawati lake.

Basi akarudi nyumbani. Nyumba hiyo aliachiwa na mama yake, pamoja na kitanda cha mninga na shamba la iliki chini ya miti mikubwa. Ndani ya nyumba hiyo, na hapo tu, Mboni alikuwa na maneno. Alinong'ona na masufuria. Aliwasimulia kuku habari za jana. Akitoka nje ya mlango maneno yalibaki ndani yakimsubiri, kama mbwa anayejua kwamba bwana wake atarudi. Ndiyo maana aliipenda nyumba ile kuliko mtu mwingine anavyoipenda nyumba, na ndiyo maana mambo yaliyofuata yalimpata vibaya.

Mambo yalianzia mbali, mezani kwa Mtukufu Rais, wakati wa kifungua kinywa. Mtukufu alisoma gazetini kwamba nchi jirani imehesabu aina za viumbe wa msitu wake, na kwamba zimefika elfu nne na kumi na sita. Akaweka mkate chini. Akauliza sisi tunazo aina ngapi. Mawaziri wakatazamana. Mmoja akajibu kwamba ni nyingi. Mwingine, mwenye kuona mbali, akajibu kwamba ni nyingi sana. Huyo wa pili, Mheshimiwa Dokta Gombeka, akafanywa hapo hapo kuwa Waziri wa Miti, Mvua na Mengineyo, na akaagizwa alete hesabu.

Haikupita miezi mitatu mashine zikawasili Kwemkole kwa malori. Yalikuwepo masanduku ya kijani ya ukubwa wa mkate, yaliyofungwa kwenye miti yasikilize kila kinacholia. Zilikuwepo kamera zilizopiga picha ya kila kinachopita. Ilikuwepo ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo siku ya kwanza ilikwama kwenye mvule na mpaka leo iko huko, na kwenye taarifa imeandikwa kwamba inaendelea na kazi. Sauti zote na picha zote zilikwenda kwenye kibanda cha bati kilichojengwa mwisho wa kijiji, ambamo ilikaa mashine kubwa yenye skrini. Mashine hiyo iliitwa Mtambuzi. Ilisikia sauti, ikafikiri kidogo, ikaandika jina la mwenye sauti.

Wiki ya kwanza Mtambuzi aliandika mbega, hondohondo, komba na vyura wa namna nyingi. Lakini kwa sauti mia sita aliandika neno moja tu: Sijui.

Neno hilo lilipofika wizarani, watumishi wawili walilazwa. Tume ya watu tisa iliundwa. Tume ilipekua mafaili ya miaka arobaini na kugundua kwamba hakuna ofisa wa wizara aliyewahi kuandika neno hilo, hata wale ambao hawakujua. Fomu za serikali hazina nafasi ya neno hilo. Ikaonekana kwamba mashine imelelewa vibaya huko ilikotengenezwa, akaitwa fundi, na fundi akalitoa neno kichwani mwa Mtambuzi kwa nusu saa, akaondoka nalo.

Tangu siku hiyo Mtambuzi alijua kila kitu. Mvua ikipiga bati, aliandika vyura elfu tatu. Tawi likikatika, aliandika nyati ameketi vibaya. Waziri alifurahi sana, akasema kwamba sasa mashine imekuwa raia.

Ikabaki kumpata mtunza mashine, mtu wa kubadilisha betri na kufuta utando wa buibui kwenye kamera. Tangazo lilitaka mtu asiyeongea, ili sauti yake isichanganyike na ya wanyama. Walijitokeza watu kumi na wanne, na kila mmoja alieleza kwa kirefu jinsi asivyoongea. Mboni aliletwa na shangazi yake Mwantumu, ambaye alimsukuma mlangoni kwa goti. Wasaili wanne walimuuliza maswali ishirini na hakujibu hata moja. Wakampa alama mia kwa mia. Mwenyekiti wa wasaili alisema hajapata kuona mtu aliyejiandaa vizuri namna ile.

Kwa hiyo Mboni akawa mtumishi wa serikali, na alikuwa hodari. Aliijua kila kamera na kila sanduku. Kila asubuhi alipita na kitambaa na ndoo ya betri, mguu wake mwepesi usivunje hata jani, akafuta vioo kwa kidole cha shahada akiwa nyuma ya kamera, akarudi nyumbani kuwasimulia kuku.

Ndipo ikatoka Amri ya Msitu. Iliandikwa kwa lugha nzito, lakini maana yake ilikuwa nyepesi. Kila kiumbe ambacho Mtambuzi amekiandika ni tunu ya taifa, na asitokee mtu wa kukitoa msituni hata hatua moja; atakayethubutu atafungwa miaka saba. Kisichosikika hakipo. Na kisichokuwepo kiondolewe mara moja.

Kisha akaja Mkaguzi Sengasu na malori matano. Alikuwa mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alitumwa kuwahamisha watu wa Kwemkole, kwa kuwa wataalamu walikuwa wamesema msitu wenye watu si msitu. Wanakijiji walikuwa wameshafunga mizigo, wanawake wengine wanalia. Mkaguzi akafungua orodha ya Mtambuzi ahakikishe hachukui tunu ya taifa kwa bahati mbaya. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Mzee Kilua, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana, alikuwa ameorodheshwa kuwa chui. Kikohozi chake kilisikika na masanduku manne. Shangazi Mwantumu, kwa sababu ya ugomvi wake na jirani kuhusu kuku waliokula mpunga, alikuwa kundi zima la mbega. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kulala mchana kibarazani, alikuwa nguruwe pori, dume, mwenye afya. Watoto wachanga wote walikuwa komba. Kwaya ya akina mama ilikuwa hondohondo kumi na wawili na mmoja anayechelewa. Mashine ya kusaga ilikuwa tembo wawili, mmoja mgonjwa.

Mkaguzi Sengasu aliketi juu ya ngazi ya lori. Mashine ya serikali haikosei, na amri ya serikali haina mlango wa nyuma. Hakukuwa na mtu wa kuhamishwa. Palikuwa na wanyama tu, tena adimu.

Kijiji kililipuka kwa furaha. Mkaguzi alirudi siku ya pili na vibati vyenye namba vya kutundika milangoni, na kanuni za kutunza viumbe. Mzee Kilua, ambaye hakuwa na jino hata moja, aliletewa mbuzi mzima kila Ijumaa, na kwa kuwa sheria ilikataza kumkaribia chui chini ya hatua thelathini, wale waliokuwa wakija kumsumbua kwa maneno walikoma. Shangazi Mwantumu alipewa ruhusa ya kugombana wakati wowote kwa maslahi ya taifa, na jirani yake akatakiwa kwa barua kushirikiana naye. Watu walikohoa kwa madaha. Waliokuwa hawasalimiani walisalimiana ili wasikike. Ungepita Kwemkole siku hizo ungesema kuna harusi ishirini.

Katika furaha hiyo Mkaguzi alifika nyumba ya mwisho, akiwa na kibati mkononi. Alimtazama Mboni, akatazama orodha, akapekua kurasa mbele na nyuma. Shangazi Mwantumu, aliyemfuata, akamwambia kwamba huyo ni mpwa wake na aandikwe mbega kama ukoo wake. Mkaguzi akajibu kwamba haandiki yeye, anaandika Mtambuzi, na Mtambuzi hajawahi kumsikia huyu.

"Binti," akasema, kwa upole wa mtu anayesoma waraka, "wewe hupo."

Mboni alitazama vidole vya miguu yake. Vilikuwepo.

Mkaguzi aliendelea kupekua, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, na kwenye orodha ya kamera akakuta kitu. Kamera zote arobaini zilikuwa zimepiga picha ya kidole cha Mboni kikifuta kioo. Mtambuzi alikiandika: kiwavi mnene wa kahawia, nadra, mpole, hutokea asubuhi. Mkaguzi akakipima kidole kwa rula, akaridhika kwamba ndicho. Hapo pakawa na tatizo la kisheria. Kidole kilikuwa tunu ya taifa, na kilitakiwa kubaki. Mwenye kidole hakuwepo, na alitakiwa kuondoka.

Mambo hayo yalipelekwa wizarani. Kwa siku mbili Kwemkole ilisubiri. Shangazi Mwantumu alikwisha kusema wazi kwamba kisu kikionekana, kundi zima la mbega litamrukia mtu. Lakini wizara ina watu wenye hekima, na jibu lililokuja halikuwa la kikatili. Kilikuwa kibali, chenye mihuri mitano, cha kusafirisha kiwavi mmoja kutoka msituni kwenda makazi mapya, safari moja tu, kikiwa kwenye mkono wa mwenyeji wake. Mboni alipewa siku saba. Huko makazi mapya kulikuwa na safu za nyumba za bati kwenye uwanda mkavu, na kila nyumba ilikaa watu kumi na sita. Mboni alifikiri juu ya watu kumi na sita. Hata kuku angewasimulia wapi.

Njia ya kupona ilikuwa moja, nayo kila mtu aliijua: asikike. Mtambuzi akimsikia mara moja tu, basi.

Kijiji kizima kikajitolea kumfundisha. Mzee Kilua alimketisha hatua thelathini mbali naye, kama sheria ilivyotaka, akamwonyesha jinsi ya kukohoa kuanzia magotini. Mboni alikohoa, na panzi aliyekuwa amekaa kwenye kanga yake hakuhama. Akina mama wa kwaya walimweka katikati yao wakaimba, kisha wakanyamaza ghafla ili abaki peke yake, na kweli alibaki peke yake, mdomo wazi, kama mlango uliosahauliwa. Mwenyekiti alimfundisha kukoroma, akalala yeye.

Shangazi Mwantumu aliona wote hao wanapoteza wakati. Alimpeleka Mboni chini ya sanduku la kijani lililofungwa kwenye mkuyu, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Mimi ni mwizi," akamwambia. "Nimekuibia kuku wako, nimempika, na sikukubakizia hata shingo. Nitukane."

Mboni akasogea, akamnong'oneza shangazi yake sikioni kwamba kama alikuwa na njaa angesema tu, angempa na wa pili.

Shangazi Mwantumu akageuka upande wa pili, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema kwamba mtoto huyu hafai kabisa kwa taifa hili.

Walikwenda kuitazama skrini. Siku hiyo kwenye mkuyu Mtambuzi alikuwa ameandika: mbega, kundi zima, wamekasirika. Chini yake: upepo. Na upepo, Mkaguzi alieleza kwa masikitiko, si kiumbe.

Siku ya saba iliangukia Siku ya Hesabu. Mtambuzi alikuwa amefikisha aina elfu nne na kumi na sita, sawasawa na jirani, bila kupungua wala kuzidi, na Waziri Gombeka aliona ni vyema aje mwenyewe, na mabalozi, na redio ya taifa, ili hesabu ipite mbele ya macho yake. Wizara ilikuwa imepanga kwamba siku hiyo apatikane kiumbe mmoja zaidi. Yupi, ilikuwa kazi ya msitu.

Turubai lilifungwa uwanjani. Skrini ya Mtambuzi ilitolewa kibandani na kuwekwa jukwaani, na juu ya kipaza sauti likafungwa sanduku la kijani, wageni waone kazi ikifanyika. Pembeni ya uwanja, kwa heshima ya ratiba, lilisimama lori moja. Juu yake asubuhi hiyo walikuwa wamepakia masufuria ya Mboni, tenga la kuku wake, na kitanda cha mninga kikiwa kimelazwa ubavu. Injini ilikuwa inanguruma. Mboni alisimama kati ya lori na jukwaa, kwa kuwa mpaka saa sita mchana bado alikuwa mtunza mashine, na baada ya saa sita hatakuwa kitu. Alikuwa na kibali cha kidole mfukoni. Machozi yalikuwa yamefika pale yanapokaa kabla ya kutoka.

Waziri Gombeka alipanda jukwaani. Aliwatambua waliokuwepo, mmoja mmoja, kwa vyeo. Aliwatambua na waliotuma salamu. Kisha akavuta pumzi na kuanza hotuba, na kwa muda wa saa mbili na nusu alieleza jinsi alivyoupenda msitu tangu utotoni, jinsi msitu nao ulivyompenda, na jinsi yeye na Mtukufu Rais walivyoazimia kwamba kila jani litasimama mahali pake. Kila alipofika mwisho wa jambo alivimbisha mashavu, akashusha sauti ndani kabisa ya shingo, na kusema, "Naam, naam, naam." Watu walipiga makofi. Mabalozi walifukuza nzi kwa ratiba zao.

Mtambuzi alikuwa anafikiri muda wote huo. Kamwe hakuwahi kufikiri kwa muda mrefu hivyo. Kama angekuwa na lile neno lililochukuliwa na fundi angeliandika akapumzika, lakini hakuwa nalo. Saa tano na dakika hamsini skrini ikawaka, maandishi makubwa, na namba juu ikageuka kutoka elfu nne na kumi na sita kuwa elfu nne na kumi na saba.

Iliandikwa: Aina mpya. Chura dume. Anatafuta jike.

Waziri alikuwa ameupa mgongo ubao wa skrini, akaona tu nyuso za mabalozi zimebadilika, akadhani hotuba imewaingia. Akavimbisha mashavu. "Naam, naam, naam," akasema.

Skrini ikaandika: Jike hajajibu.

Hapo ndipo jambo lilipomtokea Mboni. Alihisi kitu kinaanzia nyayoni. Alidhani ni kilio, akajiandaa kukimeza kama alivyozoea kumeza kila kitu, lakini kilipofika kifuani alikuta si kilio. Akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Kikapita puani. Akainama, akashika magoti, na wakati ule ule Waziri aligeuka, akasoma skrini, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa akanyamaza.

Mtambuzi alikuwa na kitufe chekundu cha kusahihishia. Ukikibonyeza, mashine inachukua sauti inayosikika wakati ule, inakuuliza jina la mwenye sauti, na jina hilo linabaki. Kanuni iliruhusu kitufe hicho kibonyezwe mara moja tu, kwa sababu serikali ikisahihisha mara mbili itaonekana imekosea mara mbili. Waziri alimtazama Mkaguzi Sengasu, na Mkaguzi akaelewa. Aliruka jukwaani kalamu zikidondoka, akabonyeza kitufe, na akaandika jina: Mheshimiwa Waziri wa Miti, Mvua na Mengineyo.

Lakini Waziri alikuwa kimya. Uwanja mzima ulikuwa kimya kwa hofu. Palikuwa na sauti moja tu pale Kwemkole iliyoizidi injini ya lori, sauti kubwa, mpya, iliyopanda na kushuka na kupiga kwenye miti na kurudi, na sauti hiyo ilikuwa ni Mboni anacheka.

Alicheka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alicheka mpaka kuku wake walio juu ya lori wakaanza kulia. Na kila alipocheka skrini iliwaka kwa rangi za bendera na kuandika: Mheshimiwa Waziri wa Miti, Mvua na Mengineyo. Mheshimiwa Waziri. Mheshimiwa Waziri.

Dokta Gombeka alipiga meza akasema huu ni upuuzi, na mashine izimwe.

Skrini ikaandika: Chura dume. Ana hasira.

Alishuka jukwaani akaelekea kwenye gari lake. Dereva wake, mtu mwaminifu wa miaka ishirini kazini, alikuwa ameshafunga milango kwa ndani. Aliteremsha kioo kidogo tu, kiasi cha sauti kupita, akaeleza kwa heshima kwamba ana watoto wanne, na kwamba kuisafirisha tunu ya taifa nje ya msitu ni miaka saba. Kama kiumbe huyu ana kibali cha safari, chenye mihuri mitano, atafurahi kukiona.

Simu ya Ikulu ikalia. Mtukufu Rais alikuwa anasikiliza redio. Aliuliza jambo moja tu, kama ni kweli tumemzidi jirani kwa kiumbe mmoja. Aliambiwa ni kweli, kwa chura mmoja. Akaamuru chura huyo asiguswe, atengenezewe kidimbwi, na asiwepo mtu wa kumkatisha tamaa katika lile analolitafuta. Kuhusu Waziri, alisema hana wasiwasi, maana redio imemtangaza mara kumi na nane na anasikika akiwa na furaha, jambo ambalo hajalisikia kwa waziri yeyote kwa muda mrefu.

Mkaguzi Sengasu aliokota kalamu zake. Alifungua orodha na kuisoma kuanzia juu mpaka chini kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Hakukuwa na mlango. Saa sita kamili alitembea hadi alipokuwa Mboni, akasimama wima, akavua kofia.

"Mheshimiwa," akasema, "tunasubiri agizo lako."

Mboni aliacha kucheka. Watu wote walikuwa wanamtazama: mabalozi, akina mama wa kwaya, chui mzee kutoka hatua thelathini, Shangazi Mwantumu aliyekuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtu wa redio alimsogezea kipaza sauti mpaka kikamgusa kidevu. Aibu ilirudi yote kwa pamoja, ikampanda masikioni yakawa ya moto. Alitazama vidole vya miguu. Kisha akageuka akatazama lori, akaona kitanda cha mama yake kimelazwa ubavu juani kama ng'ombe aliyeuzwa.

Koo lilikuwa bado limefunguka kwa kile kicheko. Akaliwahi kabla halijafunga.

"Shusheni kitanda changu," akasema.

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya nchi hiyo, na redio iliirudia mpaka jioni, na wachambuzi wanne waliketi studio kueleza kwamba kitanda maana yake ni uchumi. Ila pale Kwemkole hakuna aliyesubiri uchambuzi. Injini ilizimwa. Makatibu wawili na balozi mmoja walipanda juu ya lori wakiwa na suti zao, wengine wakabeba masufuria, wengine tenga la kuku, na kitanda kikateremshwa polepole kwa sababu mninga ni mzito. Mkaguzi Sengasu alishika upande wa miguuni. Alipofika kwenye mlango wa nyumba ya karibu na kijito alikwama, akauliza kiwekwe upande gani.

"Dirishani," Mboni akamwambia, kwa sauti, na akaingia mbele yao kuwaonyesha.